Anton Boisen

Anton Theophilus Boisen (Bloomington, Indiana, 29 Oktoba 1876 – Elgin, Illinois, 1 Oktoba 1965) alikuwa mchungaji, mwalimu na mtafiti kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wakuu wa mafunzo ya uchungaji hospitalini, yaani mafunzo ambayo mwanafunzi wa theolojia au wa unasihi hupelekwa wodini kuwahudumia wagonjwa chini ya msimamizi, kisha huketi na wenzake kuchambua aliyoyaona na aliyoyasema.

Boisen mwenyewe aliugua ugonjwa wa akili. Alipolazwa mwaka 1920 madaktari waliiambia familia yake kwamba hakuna matumaini ya kupona. Miaka minne baadaye alikuwa mchungaji wa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, na mwaka uliofuata alianza kuwafundisha wanafunzi humo. Ugonjwa ulimrudia mara mbili tena, na mara moja ulimgharimu nafasi yake katika chama alichosaidia kukiunda. Hata hivyo hakuacha kufundisha kwamba wagonjwa wa akili wana jambo la kuwafundisha wachungaji na madaktari.

Familia na utoto

Boisen alizaliwa katika mji wa Bloomington, kwenye familia ya wasomi. Baba yake, Hermann Boisen, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani aliyefundisha lugha za kisasa katika Chuo Kikuu cha Indiana. Mama yake, Louise Wylie, alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kusoma katika chuo hicho. Babu yake mzaa mama, Theophilus Wylie, alikuwa profesa wa muda mrefu wa chuo hichohicho na pia mchungaji wa Kanisa la Kipresbiteri. Jina la pili la Anton lilitoka kwa babu huyo.

Baba yake alifariki mwaka 1884, Anton akiwa na umri wa miaka saba. Mama akarudi na watoto wake wawili, Anton na dada yake Marie, nyumbani kwa wazazi wake mjini Bloomington. Hivyo Anton alilelewa katika nyumba yenye vitabu vingi, ibada ya kila siku na maadili makali. Mambo ya mwili hayakuzungumzwa. Alipofikia ujana alianza kuteswa na mawazo ya kimapenzi ambayo aliyaona kuwa dhambi kubwa, na hakuwa na mtu wa kumweleza. Aibu hiyo ya siri ilimfuata kwa miaka mingi. Baadaye, alipoanza kueleza chanzo cha maradhi yake, alirudi mara kwa mara kwenye kipindi hicho cha maisha yake.

Masomo na kazi za kwanza

Boisen alihitimu Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1897 kisha akafundisha lugha kwa miaka michache. Katika chuo hicho alikutana na mwalimu William Lowe Bryan, mwanasaikolojia aliyekuja kuwa rais wa chuo. Kwa msaada wake Boisen alizifahamu kazi za William James, ambaye alichunguza imani kwa kusoma maisha ya watu walioongoka au waliopitia misukosuko ya rohoni. Wazo kwamba imani inaweza kuchunguzwa kupitia maisha ya watu binafsi lilimkaa moyoni.

Hata hivyo hakuingia moja kwa moja katika kazi ya kanisa. Alipenda miti na mazingira kama baba yake, akaenda kusoma elimu ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, alikohitimu shahada ya uzamili mwaka 1905. Kwa muda alifanya kazi katika idara ya misitu ya serikali ya Marekani. Kazi hiyo ilimzoesha kutazama kwa makini, kupima, kuandika na kuchora ramani. Hata alipozeeka alipenda kulinganisha utafiti wa roho ya binadamu na kazi ya mtu anayepita katika nchi isiyo na ramani.

Mwaka 1908 alijiunga na Seminari ya Union mjini New York ili asomee uchungaji. Huko alisoma saikolojia ya dini kwa profesa George Albert Coe. Alitumaini kusoma kwa kina matatizo ya nafsi, lakini aliona kwamba seminari ilishughulikia zaidi maandiko ya kale, historia na mafundisho ya imani. Mwanafunzi angeweza kumaliza masomo yote bila kuketi hata mara moja na mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni au hatia. Alihitimu mwaka 1911.

Alice Batchelder

Mwaka 1902 alifika Bloomington mwanamke aitwaye Alice Batchelder, aliyekuwa akifanya kazi na chama cha wanawake vijana wa Kikristo, YWCA. Boisen alimpenda tangu siku za mwanzo, lakini yeye hakumpenda kwa namna hiyo. Alimkatalia mara kadhaa katika muda wa miaka mingi. Kuna vipindi alikubali kuandikiana naye barua au kuonana naye kama rafiki, na kuna vipindi alikata mawasiliano kabisa. Hawakuoana, na Boisen hakuoa kamwe.

Boisen aliamini kwamba uamuzi wake wa kuwa mchungaji ulitokana na upendo huo, na alimtaja Alice kama mwongozo wa maisha yake. Waandishi waliochunguza maisha yake baadaye wamelitazama jambo hili kwa macho mawili. Wapo wanaoona uaminifu wa ajabu, na wapo wanaoona kwamba Boisen alimwekea mwanamke huyo mzigo ambao hakuuomba. Yote mawili yanahitaji kukumbukwa, kwa kuwa uhusiano huo ulihusika katika kila ugonjwa wake mkubwa.

Vijijini na vitani

Baada ya seminari Boisen alifanya utafiti wa makanisa ya vijijini kwa niaba ya Wapresbiteri pamoja na rafiki yake Fred Eastman. Walizunguka wakihesabu waumini, wakiuliza maswali na kuandika hali ya maisha ya wakulima. Baadaye alikuwa mchungaji wa makanisa madogo ya vijijini, yakiwemo ya majimbo ya Kansas na Maine. Hakufanikiwa sana. Alikuwa mtu mwenye haya, si mhubiri wa kuvuta watu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikwenda Ufaransa kuwahudumia askari wa Marekani chini ya chama cha YMCA. Aliporudi alishiriki utafiti mwingine wa makanisa katika jimbo la North Dakota. Mpango huo ulivunjika mwaka 1920. Wakati huo Boisen alikuwa na umri wa miaka 43, hana kazi, hana familia yake mwenyewe, wala hana kanisa la kuliongoza.

Ugonjwa wa mwaka 1920

Alipokuwa akitafuta nafasi mpya ya uchungaji, Boisen alitakiwa kuandika maelezo ya imani yake. Alikaa nyumbani kwa familia yake karibu na Boston akaanza kuandika. Kadiri alivyoandika ndivyo mawazo yalivyomzidi nguvu. Alikosa usingizi. Alianza kuamini kwamba ulimwengu ulikuwa karibu kuangamia na kwamba yeye alikuwa na sehemu katika kuuokoa. Familia iliogopa, na mwezi Oktoba 1920 alipelekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Boston, kisha akahamishiwa hospitali ya serikali ya Westboro katika jimbo lilelile la Massachusetts.

Madaktari walisema ana aina ya ugonjwa ambao leo unaitwa skizofrenia. Kwa elimu ya wakati ule, hukumu hiyo ilimaanisha kwamba mgonjwa angezidi kudhoofika mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini baada ya wiki chache Boisen alizinduka, kama mtu aliyeamka kutoka ndoto mbaya. Ugonjwa ulimrudia mwaka uliofuata, akazinduka tena. Aliruhusiwa kutoka mwezi Januari 1922, baada ya muda wa karibu miezi kumi na mitano.

Katika miezi aliyokuwa na akili timamu ndani ya hospitali, Boisen aliwatazama wagonjwa wenzake kama alivyokuwa akitazama misitu na vijiji. Aliona kwamba hawakuwa wa aina moja. Wengine ubongo wao ulikuwa umeharibiwa na kaswende au pombe. Lakini wengine walionekana kuugua kwa sababu ya jambo zito la ndani: hatia, aibu, upweke, au maisha yaliyokwama. Mazungumzo yao yalijaa Mungu, shetani, kifo na kuzaliwa upya. Madaktari walikuwa wachache na hawakuona faida ya kuzungumza na wagonjwa kuhusu mambo hayo. Wachungaji waliokuja Jumapili walihubiri na kuondoka bila kuwafahamu waliowahubiria.

Rafiki yake Eastman alimpelekea kitabu cha mihadhara ya Sigmund Freud. Boisen alikisoma kwa shauku, kwa sababu kilimpa lugha ya kueleza kwamba dalili za ugonjwa zina maana. Hapo akapata wito wake: kuchunguza mahali ambapo dini na ugonjwa wa akili hukutana.

Masomo ya Harvard na urafiki na Cabot

Alipotoka hospitalini Boisen alirudi shuleni. Alisoma katika Seminari ya Andover na Chuo Kikuu cha Harvard, alikopata shahada ya uzamili mwaka 1923. Alisoma saikolojia kwa William McDougall na kuhudhuria mafunzo ya magonjwa ya akili kwa daktari Macfie Campbell. Pia alipata ushauri kutoka kwa Elwood Worcester, mchungaji wa Boston aliyekuwa ameanzisha tangu mwaka 1906 huduma ya kanisa iliyounganisha maombi, tiba na mazungumzo kwa watu wenye matatizo ya akili.

Mtu aliyemsaidia zaidi alikuwa daktari Richard Cabot. Cabot alikuwa tabibu mashuhuri wa Boston ambaye mwaka 1905 alianzisha huduma ya ustawi wa jamii katika Hospitali Kuu ya Massachusetts. Alijulikana pia kwa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kwa kutumia mafaili ya wagonjwa halisi: mwanafunzi husoma historia ya mgonjwa, hutoa maoni yake kuhusu maradhi, kisha huonyeshwa alipopatia na alipokosea. Boisen alihudhuria darasa lake Harvard na akaona kwamba njia hiyo ingefaa kwa wachungaji pia. Mwaka 1925 Cabot aliandika makala iliyosomwa na wengi akidai kwamba kila mwanafunzi wa theolojia apewe mwaka wa mazoezi kati ya wagonjwa, kama mwanafunzi wa udaktari.

Wawili hao hawakuwa peke yao. Katika mji wa Cincinnati daktari William Keller alikuwa ameanza mwaka 1923 kuwapeleka wanafunzi wa seminari katika taasisi za huduma za jamii wakati wa likizo.

Worcester

Mwaka 1924 Boisen aliajiriwa kuwa mchungaji wa Hospitali ya Serikali ya Worcester, Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1833. Mkuu wa hospitali, daktari William Bryan, alikuwa tayari kujaribu mambo mapya. Alimkubali Boisen akijua wazi kwamba alikuwa mgonjwa wa hospitali nyingine miaka miwili tu nyuma.

Katika kiangazi cha mwaka 1925 Boisen aliwaleta wanafunzi wanne wa theolojia. Hawakuja kuhubiri. Mchana walifanya kazi kama wahudumu wa wodi: kuwaosha wagonjwa, kuwalisha, kuwatoa nje, kucheza nao mpira na kuimba nao. Jioni walikutana na Boisen na madaktari kuzungumzia wagonjwa waliowahudumia. Kila mwanafunzi alitakiwa kuandika kwa makini historia ya mgonjwa: alikotoka, familia yake, imani yake, lini mambo yalianza kuharibika, na yeye mwenyewe anaelezaje yaliyompata.

Boisen aliwafundisha kumwona kila mgonjwa kuwa waraka ulio hai. Kama vile mwanafunzi wa Biblia asivyoruhusiwa kulipa andiko maana aitakayo, bali hulisoma kwa subira akizingatia lugha na mazingira yake, ndivyo anavyopaswa kumsikiliza mtu aliyevurugika akili. Wazo hilo la kuwasoma watu walio hai pamoja na vitabu ndilo lililobaki kuwa mchango wake unaojulikana zaidi.

Mmoja wa wanafunzi wa mwaka huo wa kwanza alikuwa Helen Flanders Dunbar, ambaye baadaye alipata shahada ya udaktari wa tiba na kuwa mmoja wa watafiti wa mwanzo wa uhusiano kati ya hisia na maradhi ya mwili. Idadi ya wanafunzi iliongezeka mwaka hadi mwaka. Wakati huohuo Boisen alianza kufundisha kwa sehemu ya kila mwaka katika Seminari ya Theolojia ya Chicago, hivyo mbinu yake ikaingia darasani pia.

Mwaka 1926 alitoa kitabu cha nyimbo na ibada kwa ajili ya hospitali. Alikuwa amegundua kwamba vitabu vya kawaida vya nyimbo vina maneno ya kutisha kuhusu adui, damu na hukumu, ambayo mgonjwa mwenye hofu huyachukua kwa namna ya kumdhuru. Alichagua nyimbo za tumaini na ujasiri. Hatua hiyo ndogo inaonyesha jinsi alivyofikiri: kabla ya kuimba, mchungaji ajiulize wimbo huo unasikikaje kwa aliye kitandani.

Baraza la mwaka 1930 na mfarakano

Tarehe 21 Januari 1930 liliundwa mjini Boston Baraza la Mafunzo ya Kitabibu ya Wanafunzi wa Theolojia, ili kuyaendeleza mafunzo hayo katika hospitali nyingi zaidi. Cabot alikuwa mmoja wa viongozi wake. Philip Guiles, aliyekuwa mwanafunzi wa Boisen, alikuwa kati ya viongozi wake wa kwanza, na Dunbar aliliongoza baadaye.

Mwaka huohuo mama yake Boisen alifariki. Mwezi Novemba Boisen aliugua tena na kulazwa kwa muda mfupi. Alipona, lakini mambo hayakuwa kama zamani. Cabot alishtuka na kuamua kwamba Boisen asihusike tena na ufundishaji katika mpango wa Baraza.

Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na tofauti ya mawazo iliyokuwepo siku zote. Cabot aliamini kwamba magonjwa ya akili hutokana na kasoro za kikemikali mwilini, hivyo mchungaji hana la kuchunguza humo. Kazi yake ni kumfariji mgonjwa na kumsaidia akue katika imani wakati daktari akitibu. Boisen aliamini kwamba baadhi ya magonjwa hayo yana chanzo katika maisha ya mtu na dhamiri yake, na kwamba mchungaji asiyeyaelewa ameacha sehemu ya kazi yake. Ugonjwa wa mwaka 1930 ulimpa kila mmoja ushahidi aliouona unathibitisha upande wake.

Boisen aliondoka Worcester mwaka 1932, na nafasi yake ikachukuliwa na mwanafunzi wake Carroll Wise. Harakati yenyewe iligawanyika. Kundi la Boston lilitilia mkazo hospitali za magonjwa ya kawaida na ujuzi wa kumhudumia mgonjwa kitandani. Kundi la Baraza, lililohamia New York chini ya Dunbar, lilibaki karibu zaidi na hospitali za magonjwa ya akili na elimu ya Freud. Boisen alikuwa karibu na kundi la pili, lakini hata hilo lilimsikitisha baadaye. Aliona kwamba wanafunzi walishughulika mno na hisia zao wenyewe, wakasahau maswali ya dhambi, wokovu na maana ya maisha yaliyomfanya aanze kazi hiyo.

Elgin

Mwaka 1932 Boisen akawa mchungaji wa hospitali ya serikali ya Elgin, karibu na Chicago. Huko aliendelea kupokea wanafunzi, kuandika na kufundisha.

Mwaka 1935 Alice Batchelder, aliyekuwa akiishi Chicago, aliugua saratani. Boisen alipojua kwamba hatapona, aliugua kwa mara ya tatu akalazwa katika hospitali moja ya jimbo la Maryland. Alice alifariki mwezi Desemba mwaka huo. Boisen alipona baada ya muda mfupi na kurudi kazini. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake kikuu na kukitabaruku kwa kumbukumbu ya mwanamke huyo. Tangu hapo hakulazwa tena kwa ugonjwa wa akili katika miaka takriban thelathini iliyobaki ya maisha yake.

Mafundisho yake

Msingi wa mafundisho ya Boisen ni kwamba si kila kuvurugika kwa akili ni uharibifu mtupu. Alilinganisha aina fulani ya ugonjwa na homa: homa ni hatari na inaweza kuua, lakini pia ni dalili kwamba mwili unapigana na kitu. Vivyo hivyo, mtu ambaye maisha yake yamefika mahali asipoweza kuendelea anaweza kupatwa na msukosuko mkali ambao ndani yake kuna jaribio la kujipanga upya. Jaribio hilo linaweza kufaulu au kushindwa.

Alipowachunguza wagonjwa 173 wa Worcester aliwatofautisha kwa namna walivyolikabili tatizo lao. Baadhi walijiachia tu wakaelea, wakizama polepole katika kutojali. Baadhi walificha aibu yao kwa kuwalaumu wengine na kujiona wanafuatwa na maadui. Na baadhi walikabili ukweli kwa hofu kubwa, wakijiona wako kwenye mwisho wa dunia. Kundi la mwisho ndilo lililoonekana kuvurugika zaidi, lakini kwa maoni ya Boisen ndilo lililokuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona. Yeye mwenyewe alijihesabu katika kundi hilo.

Alilinganisha pia yaliyowapata wagonjwa na maisha ya watu mashuhuri wa imani, kama nabii Ezekieli, mtume Paulo, George Fox na John Bunyan. Hakusema kwamba manabii walikuwa wagonjwa, wala kwamba wagonjwa ni manabii. Alisema kwamba wote walipita katika nchi ileile ngumu, na tofauti iko katika matokeo: je, mtu alitoka akiwa ameunganika zaidi na wenzake na Mungu wake, au alitoka akiwa peke yake zaidi?

Kwa Boisen, kiini cha mateso ya akili kilikuwa kutengwa. Mtu anayebeba siri ambayo anaamini ingewafanya wote wamkatae hujitenga kabla hajakataliwa. Hivyo tiba haianzi kwa kumshawishi kwamba kosa lake si kosa, bali kwa kumpa mtu wa kumweleza ambaye hatamkimbia. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 alichunguza makanisa ya Kipentekoste na ya Utakatifu yaliyokuwa yakikua miongoni mwa maskini. Aliona kwamba dhiki inayowapata wengi kwa pamoja huwaleta karibu, ilhali aibu ya siri humtenga mtu mmoja mmoja.

Mafundisho haya yamekosolewa. Utafiti wa baadaye kuhusu ubongo, urithi na dawa umeonyesha kwamba skizofrenia ina sehemu kubwa ya kibiolojia ambayo Boisen hakuipa uzito wa kutosha. Wengine wanasema alijenga nadharia ya jumla kutokana na maisha yake mwenyewe, na kwamba kupona kwake haraka si kawaida kwa wagonjwa wengi. Hata hivyo wakosoaji wengi wanakubali kwamba alikuwa sahihi kusisitiza kwamba maneno ya mgonjwa yasikilizwe, hata pale yanapohitajika matibabu ya dawa.

Vitabu

Kitabu chake kikuu ni *The Exploration of the Inner World* (1936), kinachounganisha utafiti wake wa Worcester, maelezo ya ugonjwa wake na maswali ya theolojia. *Religion in Crisis and Custom* (1955) kinachunguza jinsi imani inavyozaliwa wakati wa shida na jinsi inavyogeuka kuwa desturi baada ya muda. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 83, alitoa *Out of the Depths*, ambamo alisimulia maisha yake pamoja na kumbukumbu za hospitali kuhusu magonjwa yake. Wakati ule mchungaji na mwalimu wa seminari aliyekiri hadharani mambo ya namna hiyo alikuwa nadra sana.

Miaka ya mwisho

Boisen alizeeka Elgin, akiishi katika eneo la hospitali hata baada ya kustaafu. Wanafunzi na wageni waliendelea kumtembelea. Mwaka 1964 alitembelewa na padri kijana kutoka Uholanzi, Henri Nouwen, aliyekuwa akisoma saikolojia nchini Marekani na ambaye baadaye alijulikana duniani kwa vitabu kuhusu mhudumu anayewahudumia wengine huku akiwa na majeraha yake mwenyewe. Boisen alifariki tarehe 1 Oktoba 1965 akikaribia kutimiza miaka 89.

Urithi

Mwaka 1967, miaka miwili baada ya kifo chake, vyama vya mafunzo vilivyokuwa vimegawanyika viliungana kuwa chama kimoja cha Marekani cha mafunzo ya uchungaji hospitalini. Mafunzo ya namna hiyo yameenea katika nchi nyingi. Nchini Tanzania hutolewa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako wachungaji hujifunza kwa kuwahudumia wagonjwa wodini.

Kupitia watu waliojifunza kwake au katika harakati yake, kama Carroll Wise, Seward Hiltner na Wayne Oates, mawazo ya Boisen yaliingia katika vyuo vinavyotoa shahada za uzamili za uchungaji na unasihi wa Kikristo. Sehemu tatu za mafunzo hayo zinatokana kwa kiasi kikubwa na njia aliyosaidia kuifungua: mwanafunzi hufanya mazoezi na watu wenye shida halisi, huandika taarifa ya mazungumzo yake nao, na husimamiwa na mtu mwenye uzoefu ambaye humuuliza kwa nini alisema alichosema.

Swali lililowatenganisha Boisen na Cabot bado halijafungwa. Vyuo vya leo hujibu kwa kuwafundisha wanafunzi mambo mawili kwa pamoja: kutambua dalili za ugonjwa unaohitaji daktari na kumpeleka mgonjwa kwake bila kuchelewa, na kubaki karibu na mgonjwa huyo baada ya kumpeleka. Jambo la kwanza lilikuwa hofu ya Cabot, aliyeogopa mchungaji kuingilia kazi ya tabibu. La pili lilikuwa dai la Boisen, aliyekuwa amelala katika wodi ya Westboro akitamani mtu wa kuzungumza naye.